Mwongozo wa Kupiga Kura Tatu katika Jimbo Lisilokuwepo Tena

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu anayetaka kupiga kura katika Jimbo la Mashariki, Tanganyika, Septemba 1958. Umechelewa kutoka, hatukatai. Jimbo lenyewe lilifutwa, gavana alisharudi kwao, na sanduku la kura sijui liliishia kwenye stoo gani. Lakini hata ungeupata kwa wakati wake ungekosea tu, kwa hiyo soma bila haraka.

Anza kwa kulijua jimbo. Makao makuu ni Morogoro. Ukishuka upande mmoja unakwenda Kilosa, upande mwingine Mahenge, na ukiteremkia pwani unapita Kisarawe, Bagamoyo na Utete hadi kwenye maji ya Rufiji. Dar es Salaam utaiona hapo katikati ya pwani yako, ila usiiguse: imepewa jimbo lake peke yake, na zamu yake ni Februari 1959. Nchi nzima ina majimbo kumi ya namna hii, na kila jimbo lina viti vitatu katika Baraza la Kutunga Sheria: kiti cha Mwafrika, kiti cha Mwasia, kiti cha Mzungu. Kumi, kumi, kumi. Gavana Sir Edward Twining aliuita mpango huu usawa, na ni kweli namba zinalingana. Kisha chukua sensa ya 1957. Waafrika wanapita milioni 8 na nusu. Wazungu ni kiasi cha 20,000. Gawa kila upande kwa kumi. Utaona kwamba katika usawa huo Mzungu mmoja ana uzito wa Waafrika zaidi ya 400. Rudia hesabu kama huamini, lakini irudie kimoyomoyo. Ukiifanya kwa sauti mbele ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, utaulizwa umesomea wapi, na jibu lolote utakalotoa litaandikwa.

Baada ya hapo jipime kama unafaa kuwa mpiga kura. Miaka 21 unayo, sawa, lakini miaka hata mbuyu unayo. Unahitaji kupita kwenye mmoja wa milango mitatu. Wa kwanza ni kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi unaoandama. Kama wewe ni mkata mkonge Kilosa, pita kando uwapishe wenzako. Kama ni mkulima wa milimani Uluguru mwenye migomba, mpunga bondeni na mbuzi wa kutosha kuoza mtoto wa kiume, usijigambe: karani hahesabu mbuzi. Anataka karatasi, nawe miaka yote umeuza kwa neno la mdomo na kupokea sarafu mkononi. Mlango wa pili ni elimu ya darasa la nane. Huu uko wazi kabisa kwa kila aliyesoma darasa la nane, katika nchi ambayo watoto wengi waliobahatika kuingia shule walitolewa darasa la nne. Mlango wa tatu ni cheo kinachotambuliwa na serikali. Kama wewe ni mtawala wa jadi, basi hongera, umepita bila jasho. Usishangae tu kwamba serikali iliyokuthibitisha kwenye kiti chako ndiyo leo inataka kujua kwa siri unamtaka nani.

Ukikataliwa milango yote mitatu usinune, maana uko na wenzako. Watu waliofanikiwa kuingia katika daftari la wapiga kura Tanganyika nzima hawakufika 60,000. Hao wengine wote mwongozo huu hauwahusu, ingawa wao ndio waliojaza viwanja vya mikutano.

Tuchukulie umepita. Swali linalofuata ni la faragha: unafanya kazi wapi? Mwenye darasa la nane na mshahara wa uhakika, mara nyingi ni karani wa boma, mganga msaidizi, au mtu wa posta. Kwa maneno mengine, unakula mkate wa serikali. Na tangu 1953 uko waraka unaowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Tazama jinsi mambo yalivyopangika: wenye kura hawaruhusiwi kuwa na kadi ya chama cha TANU, na wenye kadi wengi wao hawana kura. Mama anayeuza vitumbua sokoni Morogoro anayo kadi, anaitunza ndani ya doti ya khanga, analipa ada, anajua nyimbo zote. Kura hana. Karani anayenunua vitumbua vyake anayo kura, nyimbo anazijua vilevile, ila anaziimba akiwa bafuni.

Kwa hiyo, bwana karani, jifunze kuhudhuria mkutano bila kuhudhuria. Njia iliyo bora ni baiskeli. Iendeshe polepole ukipita pembeni ya uwanja, kisha mnyororo ukatike. Shuka. Ugeuze chombo magurudumu juu. Hangaika nao kwa muda wa hotuba mbili na nusu, mgongo ukiupa jukwaa, masikio ukiyaacha wazi. Msemaji akisema jambo la kuchekesha, cheka na mnyororo. Hotuba ikiisha, mnyororo upone. Usisahau kupaka vidole mafuta kabla hujafika nyumbani, maana jirani yako ni tarishi wa DC na ana mazoea ya kusalimia kwa mkono. Angalia tu usikute baiskeli nyingine kumi zimegeuzwa juu pale pale. Bwana DC naye anazo baiskeli, na anajua huwa haziharibiki kwa pamoja.

Sasa tuingie kwenye kiini, hapa ndipo utakapoanguka. Hupigi kura moja. Unapiga tatu, yaani Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Usipomchagua Mzungu, kura yako kwa Mwafrika imeharibika. Usipomchagua Mwasia, hivyo hivyo. Sheria haikulazimishi kuwapenda, inakulazimisha kuwachagua. Mtu aliyekaa miaka yote Mahenge bila kuombwa na Mzungu chochote isipokuwa kodi na njia, leo anaombwa achague yupi kati yao ana maono mema kuhusu nchi.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kujadili upuuzi huu, na wengi walifika wakiwa wamekwisha kuamua: tususe. Chama kilikuwa cha Waafrika watupu kwa katiba yake. Kingewezaje kumpigia debe mtu ambaye hakiruhusiwi kumwuzia kadi? Nyerere, kiongozi wa chama, akasimama na kuwashawishi washiriki. Alikwisha kupiga hesabu ambayo waliotunga sheria hawakuipiga: hata kwa masharti yale ya shilingi 3,000 na darasa la nane, Waafrika ndio watakuwa wengi daftarini. Na kama kila mtu lazima achague watu watatu, basi Waafrika ndio watakaochagua Mzungu, na ndio watakaochagua Mwasia. Serikali ilitengeneza mlango wenye makufuli matatu, kisha ikampa mtu mmoja funguo zote na kumlazimisha azitumie. Mkutano ukakubali. Historia ya chama inauita Uamuzi wa Busara, jina ambalo uamuzi hupewa ukishashinda. Zuberi Mtemvu hakuona busara yoyote pale. Alitoka akaanzisha chama chake, African National Congress, cha Afrika kwa Waafrika, na hakikupata kiti hata kimoja. Kama unataka kuwa na msimamo safi kuliko wote, njia ni hiyo. Ila jiandae kwa ukumbi mtupu.

Turudi kwenye zoezi. Weka alama kwa Mwafrika, ambaye hapa ni Nyerere. Hii utaiweza, hata kalamu itakwenda yenyewe. Pumua. Usiondoke! Hapa ndipo watu wema wengi hutaka kukunja karatasi, wasalimie, watoke kifua mbele wakijua kwamba wamempigia Nyerere, kumbe hawajampigia mtu. Rudi. Weka alama kwa Mwasia. Katika Jimbo la Mashariki jina unaloambiwa ni Amir Jamal. Pengine unalijua, pengine hulijui. Pengine Mhindi pekee unayemjua kwa jina ni yule wa dukani anayekudai shilingi nne na senti hamsini za mafuta ya taa. Deni lisikupotoshe. Jamal hakudai. Kisha weka alama kwa Mzungu.

Namna ya kuchagua Mzungu inahitaji aya yake. Usiulize anasema nini. Wagombea wote wa Kizungu mwaka huu wanasema mambo yanayofanana: umoja, subira, maendeleo, kuheshimiana. Uliza jina lake limeletwa na nani. Kama limeletwa na katibu wa tawi la TANU, liweke moyoni, lirudie njia nzima mpaka ulimi uzoee zile herufi zinazogongana. Kama amekuja mkutanoni kukuhutubia kwa Kiswahili cha kisetla, kile kilichozaliwa jikoni na kukulia shambani, chenye amri nyingi na ngeli moja, msikilize kwa heshima na usicheke mpaka amalize. Fikiria na yeye anavyojisikia: amesimama juani kuomba kura za watu wa chama ambacho hawezi kujiunga nacho. Chama kilikuja kuwafungulia milango watu wa rangi nyingine baada ya uhuru, lakini kwa sasa mpigie makofi kama mgeni wa arusi. Tahadhari: ukimpigia makofi kuliko unavyompigia Nyerere, watakukumbuka wewe, si yeye.

Huenda lakini hutaki kupiga kura, unataka kupigiwa. Pole, na karibu. Kanuni ya kwanza ya mgombea ni kutofungwa. Mwaka 1957 Nyerere alikatazwa kwa muda kuhutubia hadharani. Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akakaa miezi kadhaa, akaona haendi popote, akajiuzulu. Mwaka 1958 akaandika katika Sauti ya TANU, jarida la chama, maneno makali kuhusu mabwana shauri fulani, yaani wakuu wa wilaya, akashitakiwa kwa kashfa. Wakili alitoka Uingereza, D. N. Pritt, mtu mzito. Kesi ikaisha Agosti, mwezi mmoja tu kabla ya kura: ana hatia, alipe pauni 150 au akae jela miezi sita. Wapo waliotamani aende jela, maana jela kwa mwanasiasa ni kama digrii. Akalipa. Utakuwa umeshaona kwamba pauni 150 ni kiasi kile kile ambacho sheria ilimtaka mwananchi awe nacho kwa mwaka ndipo ahesabiwe kuwa na akili ya kupiga kura. Sijui kama hakimu alifikiria hilo. Lakini ukikusudia kugombea, weka akiba ya vipato viwili: kimoja cha kukuingiza daftarini, kingine cha kukutoa mahakamani.

Kanuni ya pili ya mgombea utaambiwa na wazee: mtoto wa nyumbani hashindwi nyumbani. Inasemwa kwa uhakika mkubwa katika kila jimbo, hadi leo, na watu wazima. Patrick Kunambi alikuwa na kila sababu ya kuiamini. Alikuwa Mluguru, Morogoro ndiko kwao, na si mtu wa kuokoteza katika siasa: jina lake limo katika orodha ya wale 17 walioasisi TANU Julai 1954. Mpinzani wake alikuwa mwalimu kutoka Butiama, huko ng'ambo ya nchi, ambaye uhusiano wake na jimbo hili ulikuwa ni kufundisha Pugu na kisha kuacha kazi hiyo. Kura zikahesabiwa. Nyerere 2,600. Kunambi 802. Zijumlishe uone: elfu tatu mia nne na mbili, kutoka Kilosa mpaka mdomo wa Rufiji. Leo idadi hiyo haitoshi hata kwa kata moja ya Morogoro mjini, na bado kuna mtu angedai zimeibwa. Kama wewe ni mtoto wa nyumbani, basi, omba mpinzani wako naye awe wa nyumbani.

Kwa wale wanaopendelea kushindwa kwa ustaarabu, kilikuwepo chama cha United Tanganyika Party, UTP. Kilianzishwa 1956, gavana akikitazama kwa jicho la huruma. Milango yake ilikuwa wazi kwa rangi zote. Fuata matokeo kwa makini, maana hapa ndipo wanafunzi wa siasa huchanganyikiwa: chama kilichokaribisha kila rangi kilitoka kapa, na chama kilichokaribisha rangi moja ndicho kilichochaguliwa watu wake wa rangi zote. Jimbo la Kaskazini lilileta Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Nyanda za Juu Kusini zilimleta Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani. Wote kwa baraka za TANU. Sera ya kutenganisha viti kwa rangi ilifanikiwa kuwafanya wapiga kura wafanye jambo ambalo hakuna hotuba ingewafanya wafanye: kumtafuta Mzungu mmoja wanayeweza kumwamini, na kumpata. Mimi naiona hii kuwa ndiyo sehemu pekee ya mpango wa Twining iliyofanya kazi, na ilifanya kazi kinyume. UTP haikukaa sana baada ya hapo. Ukiona chama kinachopendwa na mwenye nyumba, usikiwekee dau.

Siku yenyewe ya kura haina mengi. Vaa shati safi. Fika mapema. Usimwulize karani wa kituo "niweke wapi," maana atakuonyesha.

Ukishinda, jizuie. Wajumbe wako watatu watapanda gari kwenda ukumbi wa Karimjee, watakaa, watasimama, watasema maneno mazuri sana. Kisha itaitishwa kura ndani ya Baraza, na utagundua kwamba walioingia kwa uteuzi bado ni wengi kuliko wote waliochaguliwa. Hukuambiwa hili ulipokuwa unatafuta hati ya darasa la nane, nasi tuliliacha makusudi, usije ukakata tamaa njiani. Lakini gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alikuwa mtu wa kusoma namba, na hizi za Septemba alizisoma vizuri. Kabla 1958 haujaisha alikwisha kusema kwamba ule usawa wa kumi-kumi-kumi haukuwa wa kudumu. Duru ya pili, ya majimbo yaliyosalia, ilipofika Februari 1959, wagombea wengi wa upande wa TANU walipita bila kupingwa. Sheria iliyokuwa imechukua miaka kutungwa ilitumika kwa miezi sita. Kwa hiyo kama ulikuwa umejifunza kupiga kura tatu kwa ufundi, ukaanza hata kuwafundisha wajukuu, ufundi wako umeshapitwa.

Jambo la mwisho linawahusu wale mliokataliwa milangoni: mkulima wa Uluguru, mkata mkonge, mama wa vitumbua. Zamu yenu imefika. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960, Jimbo la Mashariki la viti vitatu limekatwakatwa, na nchi ina viti 71. Kati ya hivyo 50 viko wazi kwa yeyote, 11 vimewekewa Waasia na 10 Wazungu. Masharti yamelegezwa. Kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kunatosha, au kipato cha pauni 75, nusu ya kile cha zamani. Daftari limevimba kutoka watu wasiofika 60,000 hadi kiasi cha 885,000. Panga foleni, taja jina lako polepole, simamia herufi zake mwenyewe maana karani ana haraka. Hakikisha umepewa cheti, kifunge kwenye pindo la khanga pamoja na kadi.

Kisha nenda nyumbani kalime. Katika viti 71, viti 58 vimepata mgombea mmoja tu asiyepingwa, na huko hakuna kura itakayopigwa. Ukitaka kuona sanduku linatumika, omba uhamie mojawapo ya majimbo 13 yaliyobaki. Ukiweza nenda Mbulu: ndiko pekee mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo, alikoshindwa, na aliyemshinda, Herman Sarwatt, alikuwa naye mwanachama wa TANU.